Tangi la Kwanza Katika Nyanda za Juu za Ufipa: Maji ya Tanganyika Kabla ya Maji ya Bahari

Tangi la maji ya chumvi, ambalo wengine huliita akwaria ya bahari, ni chombo cha kioo ambamo hutunzwa samaki wa baharini pamoja na viumbe wengine wa miamba ya matumbawe, na kwa mkazi wa Tanga, Dar es Salaam au Unguja kazi ya kulianzisha hupunguzwa na ukweli kwamba bahari yenyewe iko jirani. Kwa mkazi wa Chala, wilayani Nkasi, au wa mji wa Sumbawanga, mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa yeye yuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Bahari ya Hindi, juu ya nyanda ambazo mjini Sumbawanga hukaribia kimo cha mita 1,800, na kila lita ya maji ya bahari atakayoihitaji itabidi itengenezwe kwa mikono yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anayetamani tangi la aina hiyo Ufipa atafanya vema kuanza na samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao yana tabia nyingi za kufundisha ufugaji wa bahari, na ambao makazi yao ya asili yako chini tu ya ukingo wa nyanda hizo, kuanzia Kirando na Kipili hadi Wampembe na Kasanga.

Ni haki kwanza kueleza kinachodaiwa na tangi la bahari lenyewe. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila lita, kwa hiyo tangi dogo la lita 160 huhitaji kilo 5 na nusu za chumvi maalumu ili kujazwa mara moja, na kila maji yanapobadilishwa kwa sehemu ya tano huhitajika zaidi ya kilo moja nyingine. Chumvi ya mezani haiwezi kushika nafasi hiyo, kwa sababu karibu yote ni kloridi ya sodiamu, ilhali maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu, salfeti, potasiamu na baikaboneti kwa viwango ambavyo samaki na matumbawe huvitegemea. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma na kiwango chake hupanda siku kwa siku, jambo linalomlazimu mfugaji kuongeza maji yasiyo na chumvi kila mara na kupima bila kuchoka. Chumvi hiyo maalumu, vipimo vyake, pampu zake na samaki wenyewe ni vitu vya kuagizwa kutoka mbali, na samaki mgonjwa hasubiri basi la kutoka Dar es Salaam. Mtu ambaye hajawahi kuyaweka maji katika hali moja kwa mwaka mzima hapaswi kuanzia hapo.

Ziwa Tanganyika, kwa upande mwingine, liliwahi kuwafanya wataalamu wenyewe wafikiri habari za bahari. Mwaka 1858 John Hanning Speke, aliyefika ziwani pamoja na Richard Burton, alichukua magamba ya konokono ambayo baadaye yalichunguzwa London, na umbo lake zito lenye mapambo lilifanana mno na la konokono wa baharini. Mwanazuoni J. E. S. Moore alifanya safari mbili za utafiti, ya kwanza mwaka 1895 hadi 1896 na ya pili mwaka 1899 hadi 1900, na katika kitabu chake cha mwaka 1903 alitetea dhana kwamba ziwa hilo lilikuwa mabaki ya bahari ya kale. Dhana hiyo ilianguka baada ya msafara wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 hadi 1905, na leo inakubalika kwamba ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba viumbe wake walijibadilisha humo humo. Hata hivyo chanzo cha kosa hilo kina maana kwa mfugaji: ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake hutoka kwa njia moja tu ya Mto Lukuga upande wa Kongo, ni la kale na tulivu kiasi kwamba viumbe wake wamezoea maji yasiyobadilika, kama walivyozoea viumbe wa miamba ya bahari.

Humo huishi zaidi ya spishi 200 za samaki wa familia ya Cichlidae, ambayo ndiyo familia ya sato na perege, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wavuvi wa Kirando na Kasanga wanamjua vizuri kuhe, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote wa familia hiyo ziwani, lakini ndugu zake wadogo wa kwenye mawe, wasiofika hata urefu wa kidole, hawana thamani sokoni na kwa hiyo hawatazamwi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kuwasafirisha nje kutoka Burundi, samaki hao wamekuwa wakifugwa katika nyumba za Ujerumani, Marekani na Japani na watu ambao hawajawahi kuliona ziwa. Inasikitisha kwamba mtoto wa Chala, ambaye wazazi wake hula migebuka na dagaa wa ziwa hilo kila wiki, anaweza kumaliza shule bila kumwona hata mmoja wao akiwa hai, na hii peke yake ni sababu tosha ya shule, misheni au nyumba moja ya Nkasi kuwa na tangi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni maji, wala si samaki. Maji huelezwa kwa vipimo viwili vikuu, na cha kwanza ni pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, ambamo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa karibu na 9. Cha pili ni ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka humo, na mama yeyote anayefua huutambua ugumu huo kwa namna sabuni inavyokataa kutoa povu. Ndani ya ugumu huo kuna sehemu inayoitwa ugumu wa kaboneti, ambayo huizuia pH isiyumbe, na katika ziwa sehemu hiyo ni kubwa kiasi cha kufikia nyuzi 16 hadi 18 katika kipimo cha Kijerumani kinachotumiwa na wafugaji. Maji ya mvua hayana karibu chochote kati ya hivyo, na maji ya vijito vinavyotiririka juu ya miamba ya kale ya nyanda za juu mara nyingi ni laini pia, kwa hiyo ni lazima yapimwe kabla ya kutumiwa, nayo maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe kwenye pipa wazi yakipigwa hewa kwa siku moja au zaidi.

Kuyafanya maji hayo yafanane na ya ziwa si kazi ngumu. Gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo soda ya kuokea inayouzwa madukani, huongeza takribani nyuzi 1 ya ugumu wa kaboneti katika lita 100 za maji, hivyo gramu 30 hadi 40 huyafikisha maji laini mahali ambapo samaki wengi wa Tanganyika huishi kwa afya, na maji hayo yakipigwa hewa usiku kucha hutulia kwenye pH ya zaidi kidogo ya 8. Kwa kuwa ziwa lina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, gramu 20 hadi 30 za chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu inayopatikana katika maduka ya dawa, hukamilisha mchanganyiko kwa kipimo hicho hicho cha lita 100. Magadi yanayotumiwa kulainishia maharage yasitumiwe kamwe, kwa sababu yana kaboneti kali inayopandisha pH ghafla kupita mpaka wa uhai, na haijulikani kila bonge lina nini ndani yake. Maji yote yachanganywe nje ya tangi, katika pipa au ndoo kubwa, na samaki wasiwe mahali pa kufanyia majaribio.

Wapo wanaouliza kwa nini maji yenyewe ya ziwa yasichukuliwe kwa madumu kutoka Kirando. Yanaweza kuchukuliwa, na kwa kujaza mara ya kwanza ni mema sana, lakini ufukwe wa ziwa una kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hutoka kwa konokono fulani wa maji baridi na kupenya ngozi ya binadamu. Vimelea hivyo vilivyokwisha kutoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku 2 hivi visipompata mtu, kwa hiyo maji yachotwe mbali na majani ya ufukweni, yachujwe kwa kitambaa ili konokono yeyote asipite, kisha yaachwe siku 3 kabla ya mtu kutia mkono wake. Konokono hai wa mtoni au bwawani wasiingizwe tangini kwa ajili ya urembo.

Baada ya maji huja jambo ambalo huua samaki wengi wa wanaoanza kuliko magonjwa yote, nalo ni amonia. Kinyesi cha samaki, mkojo wake na chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Mfuatano huu huitwa mzunguko wa naitrojeni, na bakteria hao hawamo ndani ya tangi jipya, bali hukua polepole juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio kwa muda wa wiki 4 hadi 6 katika maji yenye joto la nyuzi 25, na zaidi ya hapo katika maji ya baridi. Tangi la Tanganyika linahitaji uangalifu kuliko tangi la kawaida kwa sababu sumu ya amonia hutegemea pH: katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu iliyo katika umbo la kuua haifiki asilimia 1, lakini katika pH 9 hufikia zaidi ya theluthi moja. Kiasi cha uchafu ambacho perege wa bwawani angekivumilia siku nzima kinaweza kuwaua samaki hawa kabla ya jioni, na maji ya bahari, ambayo pH yake ni takribani 8.1 hadi 8.3, yako upande huo huo wa hatari. Anayeujua mzunguko huu kwa vitendo amejifunza nusu ya ufugaji wa bahari.

Kwa hiyo tangi lililojazwa maji liendeshwe kwanza bila samaki, huku likitiwa punje chache za chakula kila siku ili kiwepo cha kuoza, na maji yapimwe kwa vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itapanda baada yake kisha nayo ishuke, na ni pale tu vipimo hivyo viwili vinapobaki sifuri kwa siku kadhaa huku nitrati ikionekana ndipo samaki wa kwanza wanapokaribishwa. Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani lenye afya anaweza kuomba kipande cha sifongo ya chujio lake, kisafirishwe kikiwa kimelowa, na muda wa kusubiri utapungua sana. Vipimo hivyo huagizwa kutoka mijini na bei yake huwachukiza wengi, lakini ni afadhali kununua vipimo na kuahirisha taa kuliko kununua taa na kuangalia samaki wakifa chini ya mwanga mzuri.

Tangi lenyewe halihitaji kuagizwa. Fundi wa vioo na alumini wa Sumbawanga anayetengeneza madirisha na kabati za duka anaweza kulijenga, ikiwa atapewa vipimo kamili na kusimamiwa katika mambo mawili. La kwanza ni unene wa kioo: kwa tangi la urefu wa sentimeta 100, upana 40 na kimo 40, ambalo hubeba lita 160 likijaa, kioo cha milimita 8 kinafaa na kinaacha nafasi ya usalama. La pili ni gundi, ambayo lazima iwe silikoni safi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa ile ya mabafuni huwa na dawa hiyo na huweza kuwadhuru samaki. Gundi iachwe ikauke kwa wiki moja, tangi lijazwe maji nje ya nyumba na kuachwa siku 2 juu ya karatasi kavu ili uvujaji wowote uonekane, na meza yake iwe ya mbao nene au chuma, kwa sababu maji peke yake yana uzito wa kilo 160, na kioo, mawe na mchanga huweza kuufikisha mzigo wote kwenye kilo 220. Chini ya tangi kiwekwe kipande cha godoro jembamba au povu gumu ili punje ya mchanga isije ikakipasua kioo. Tangi dogo zaidi ya hilo halishauriwi kwa anayeanza, ingawa huonekana rahisi, maana maji machache hubadilika joto na uchafu haraka kuliko mtu anavyoweza kuyafuatilia.

Kimo cha Ufipa huleta tatizo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani havilitaji. Kiasi cha oksijeni ambacho maji hushika hutegemea kanieneo ya hewa, yaani msukumo wa hewa juu ya maji, na katika mita 1,800 kanieneo hiyo ni takribani asilimia 80 tu ya ile ya pwani; maji ya nyuzi 25 ambayo pwani yangeshika miligramu 8 na zaidi za oksijeni kwa lita, Sumbawanga hushika takribani 6.6. Samaki wa mawe wa Tanganyika wametoka katika maji ya juu ya ziwa yanayopigwa na mawimbi daima, yenye oksijeni tele, na hawana desturi ya kustahimili upungufu kama kambale. Mfugaji wa nyanda za juu anapaswa basi kupunguza idadi ya samaki kwa robo ya ile inayopendekezwa kwingine, kuweka pampu ya hewa yenye nguvu pamoja na chujio, na kuhakikisha kwamba uso wa maji unachemka na kutikisika usiku na mchana.

Baridi ni tatizo la pili. Ziwa liko katika kimo cha takribani mita 770 na maji yake ya juu hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 mwaka mzima, ilhali usiku wa Juni na Julai katika nyanda za Ufipa huwalazimu watu kulala na mablanketi mazito na chumba kisicho na moto huweza kupoa sana. Kifaa cha umeme cha kupashia maji chenye kidhibiti joto ni cha lazima, na kwa chumba cha baridi hesabu ya wati 1.5 hadi 2 kwa kila lita ndiyo salama, afadhali igawanywe katika vifaa viwili vya wati 150 kuliko kimoja cha wati 300, ili kimoja kikiharibika kingine kisiache tangi lipoe kabisa, na kimoja kikikwama kikiwa kimewaka kisiweze kuwachemsha samaki. Nyuma ya tangi, ubavuni na chini yake yawekwe mabamba meupe ya povu yanayofungashiwa televisheni na friji, ambayo kwa kawaida hutupwa bure, na juu yake uwepo mfuniko wa kioo. Umeme ukikatika usiku, blanketi lililozungushiwa tangi litapunguza kasi ya kupoa, lakini hewa haisubiri hivyo: pampu ndogo ya betri, au betri ya sola iliyoko nyumbani, iwe tayari, na ikikosekana maji yachotwe kwa jagi na kumiminwa kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Chakula kisitolewe kabisa mpaka umeme urudi.

Mpangilio wa ndani ni sehemu inayofurahisha, na kwa bahati njema ni rahisi. Samaki hawa hawahitaji mimea wala taa kali; wanahitaji mawe yaliyopangwa yakaacha mapango na nyufa, pamoja na mchanga laini. Mawe yawekwe kwanza, juu ya kipande cha povu kilicholala kwenye sakafu ya kioo, na mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka, kwa sababu wengi wa samaki hawa huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga huanguka siku mchanga unapochimbwa. Jiwe likidondoshewa siki au juisi ya limau likatoa mapovu, lina kaboneti, nalo katika tangi hili linakaribishwa, tofauti na katika matangi ya samaki wa maji laini. Jiwe lenye michirizi ya kutu au inayometameta kama chuma liachwe. Magamba ya konokono yanafaa sana. Ziwani kuna uwanda mpana wa magamba ya konokono aitwaye Neothauma, na samaki kadhaa huyafanya nyumba, lakini hakuna haja ya kuuvuruga uwanda huo, kwa kuwa magamba ya konokono wakubwa wa nchi kavu waliokwisha kufa, yakichemshwa na kusuguliwa vizuri, hukubaliwa na samaki bila kusita.

Uchaguzi wa samaki ndipo wanaoanza wanapokosea kwa macho yao wenyewe, kwa kuwa walio wazuri kuwatazama mara nyingi ndio wagumu. Tropheus, samaki wa rangi kali anayekula mwani kwenye mawe, hupatikana kwa rangi tofauti karibu katika kila kipande cha ufukwe, na hutamaniwa kuliko wote. Lakini hupigana wao kwa wao mpaka wawekwe wengi katika tangi kubwa, na tumbo lake refu lililoumbwa kwa ajili ya mwani huvimba na kumwua anapolishwa vyakula vya nyama. Cyphotilapia mwenye nundu kichwani hufikia sentimeta 30 na huhitaji tangi la lita 400 au zaidi. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wenzake, na mdomo wake umepinda kulia au kushoto kulingana na ubavu anaoushambulia. Ni kiumbe wa ajabu ambaye utafiti wa Michio Hori wa mwaka 1993 ulimfanya maarufu duniani, lakini katika ndoo ya samaki mchanganyiko kutoka kwa mvuvi yeye ndiye mgeni wa kuondolewa kwanza.

Wanaofaa ni wale wadogo. Neolamprologus brevis, ambaye dume na jike hukaa katika gamba moja la konokono, na Lamprologus ocellatus, ambaye hulifukia gamba lake mchangani mpaka ubaki mdomo tu, hawazidi sentimeta 6 na huishi maisha yao yote katika eneo dogo, hivyo jozi moja au mbili huonyesha tabia zao zote katika tangi la lita 160. Upande wa mawe panafaa jozi moja ya Julidochromis, samaki mwembamba mwenye mistari ambaye hutaga mayai pangoni na kulea vifaranga wake bila kuwafukuza, kiasi kwamba baada ya mwaka vizazi viwili au vitatu huonekana pamoja. Samaki 6 hadi 8 wadogo wa aina hizi wanatosha. Asiyeona uzuri katika samaki wa kijivu anayelinda gamba lake dhidi ya mkono wa binadamu uliomzidi mara mia bado hajawa tayari kufuga, na hapaswi kusukumwa.

Samaki wapatikane kwa njia halali. Uvuvi nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake, na biashara ya samaki wa mapambo, yaani samaki wanaokamatwa ili watazamwe, ni miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni. Afisa uvuvi wa halmashauri na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mialo ndio wa kuulizwa kwanza, si kwa sababu ya woga wa faini tu, bali kwa kuwa wao ndio wanaojua maeneo ya mazalia na nyakati za katazo. Mwaka 2024, kwa mfano, ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Wapatikanapo waliozaliwa katika tangi la mfugaji mwingine, hao ni bora kuliko wa ziwani, maana wamekwisha kuzoea kioo na chakula cha kutengenezwa.

Safari ya kupanda kutoka ziwani hadi Chala au Sumbawanga inahitaji maandalizi yake. Samaki wasilishwe kwa siku 2 kabla ya kusafiri, ili wasichafue maji njiani, wawekwe wachache katika ndoo yenye mfuniko iliyojaa maji hadi theluthi moja tu, ili hewa iwe nyingi juu yake, na ndoo ifungwe ndani ya blanketi, kwa sababu joto hushuka kadiri gari linavyopanda mlima. Wakifika, maji ya tangi yatiririshwe ndani ya ndoo polepole kwa mrija mwembamba kwa muda wa saa moja, kisha samaki wahamishwe kwa wavu, na maji ya ndoo yamwagwe nje.

Utunzaji wa kila siku hauna makuu. Chakula kitolewe mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2, na siku moja katika wiki wafunge. Dagaa wakavu wa Tanganyika wasiotiwa chumvi, wakisagwa na kuchekechwa, ni chakula kizuri kwa samaki wadogo wa aina zilizotajwa, mradi kitolewe kwa vidole viwili na si kwa kiganja. Kila wiki sehemu ya sita au ya tano ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyoandaliwa jana yake yenye soda, chumvi ya Epsom na joto lile lile, na sifongo ya chujio isuguliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba lenye klorini, ambayo huwaua bakteria waliolelewa kwa wiki nyingi. Daftari liwekwe kando ya tangi, na ndani yake zirekodiwe pH, ugumu, nitrati, joto na tarehe. Mtu ambaye daftari lake la miezi 12 linaonyesha maji yasiyoyumba na vifaranga waliokua ndiye anayeweza sasa kuanza kufikiria chumvi ya bahari, na kwa matumbawe ajue mapema kwamba yale yanayojenga miamba yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na hayachukuliwi wala kusafirishwa kiholela.

Limebaki jambo moja ambalo halina hiari. Nyanda za Ufipa hugawa maji: vijito vingine hushuka magharibi hadi Tanganyika, na vingine hushuka mashariki hadi Ziwa Rukwa, ambalo ni la kina kifupi, maji yake yana ubesi, halina mto unaotoka, na lina samaki wake wa pekee kama sato aitwaye Oreochromis rukwaensis. Samaki aliyemshinda mfugaji, au vifaranga waliozidi nafasi, wasitupwe katika mto, bwawa wala lambo lolote, hata kama nia ni ya huruma, kwa kuwa mgeni mmoja anaweza kuleta vimelea au kuzaliana mahali ambapo hana adui, na hata kumrudisha ziwani Tanganyika mahali asipotoka ni kuchanganya koo ambazo zimetengana kwa muda mrefu. Wapewe mfugaji mwingine, au shule iliyo tayari kuwatunza, na kwa kila anayepewa apewe pia nakala ya daftari la maji.